Je, omeprazoli humfanya mtoto ashambuliwe na virusi kwa urahisi?

SWALI: Daktari, mwanangu ana miezi mitano. Alikuwa akicheua kila akimaliza kunyonya, nikaandikiwa omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali ya tumbo, na ameitumia zaidi ya mwezi. Namfungulia kapsuli, nagawa zile chembe nusu kwa nusu na kuzikoroga kwenye maziwa. Tangu hapo ameharisha mara mbili na mafua hayamwishi. Je, dawa ndiyo inayomletea virusi? Mama, Ujiji, Kigoma.

JIBU: Mama, dawa hii haimwambukizi mtoto virusi, lakini wasiwasi wako una msingi. Tindikali ya tumbo, ambayo tumezoea kuilaumu kwa kiungulia, ni kinga: ikiwa kali, yaani pH yake (kipimo cha ukali; namba ikiwa ndogo, tindikali ni kali zaidi) ikiwa chini ya 4, huua vijidudu vingi vinavyomezwa pamoja na maji, uji au vidole vichafu. Omeprazoli hufunga pampu zinazotoa tindikali hiyo, na kwa kuwa pampu iliyofungwa haifunguki tena hadi mwili utengeneze nyingine, kazi ya dozi moja huendelea hata dawa yenyewe ikiwa imekwisha kwenye damu.

Hata hivyo, virusi havifanani. Virusi vya rota, ambavyo huharisha sana watoto wadogo, huharibiwa na tindikali kali. Ndiyo sababu chanjo yake ya matone, ambayo watoto wetu hupewa wakiwa na wiki 6 na 10, huwekewa kiungo cha kuzimua tindikali ili ifike kwenye utumbo ikiwa hai. Virusi vya polio hupita tumboni bila kudhurika, mtoto awe anatumia dawa au hatumii. Mafua nayo huingia kwa njia ya hewa na mikono, hivyo tindikali peke yake haiyaelezi.

Mwaka 2023 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya watoto zaidi ya milioni 1.2 waliozaliwa kati ya 2010 na 2018. Dawa za kundi la omeprazoli ziliambatana na ongezeko la asilimia 34 la maambukizi makali ya kulazwa hospitalini. Kwa yale ya virusi ongezeko lilikuwa asilimia 30, na kwa ya bakteria asilimia 56. Huo ni uhusiano, haujathibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, kwani mtoto anayeandikiwa dawa hizi huenda alikuwa dhaifu tangu mwanzo. Hata hivyo siwezi kuupuuza, hasa hapa kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, ambako kipindupindu, ambacho bakteria wake huuawa kwa urahisi na tindikali, si habari ya mbali.

Linalonisumbua zaidi ni kama mtoto aliihitaji dawa hiyo. Mtoto anayecheua huku ananyonya vizuri, anacheka na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda, kwa kawaida si mgonjwa, na wengi huacha wakikaribia mwaka mmoja. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2009, watoto wachanga 162 waligawanywa: wengine walipewa lansoprazoli, dawa ndugu ya omeprazoli, na wengine kitu kilichofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani. Waliopata nafuu walikuwa asilimia 54 kila upande, na maambukizi ya mapafu yalikuwa mengi zaidi kwa waliopewa dawa halisi. Ikiwa faida haipo, hata hatari ndogo ni kubwa mno kwa mtoto.

Kuhusu maziwa: chembe zile zina ganda la kuzilinda zisiharibiwe na tindikali, na ganda hilo huyeyuka ndani ya maziwa kabla ya dawa kufika inakotakiwa. Kugawa kwa macho nako hakutoi dozi sahihi.

Wiki hii rudi kwa aliyekuandikia, uende na kadi ya kliniki na kapsuli zilizobaki, umuulize ni ugonjwa gani anaoutibu na dawa itakoma lini. Usiongeze dozi wala kuikatisha kabla ya kuonana naye. Akiharisha tena, mpe ORS na zinki, na uendelee kumnyonyesha. Lakini akitapika damu au matapishi ya kijani, akipumua kwa shida, akikataa kunyonya au macho yakididimia, usisubiri miadi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.