Usiilaumu kingamwili, angalia kwanza ulivyopasua seli

Kwa miezi mitatu niligombana na kichupa kimoja. Mikrolita 100 tu za kingamwili, yaani protini inayonasa protini moja maalumu, zaidi ya dola 400, na kilikaa forodhani siku nne huku barafu kavu ikizidi kupungua. Kazi yake ilikuwa kunionyesha BCR-ABL, protini inayoleta lukemia sugu ya mieloidi, saratani ya damu tunayoiita CML. Kila nikipitisha sampuli za wagonjwa kwenye westani bloti, kipimo kinachotenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli kisha kuzihamishia kwenye utando ambako kingamwili huzionyesha kama mistari, utando unatoka mweupe. Nikajiambia mzigo umeharibikia uwanja wa ndege, nikamwandikia muuzaji barua pepe ya hasira.

Aliyenitoa gizani ni mama mmoja fundi maabara, mkongwe, asiyependa maneno mengi. Aliangalia picha zangu akauliza, "Mwanangu, K562 umeiweka?"

Sikuwa nimeiweka. Kama wewe ni mgeni wa kazi hii: K562 ni seli zilizotokana na mgonjwa wa CML miaka ya 1970, na zimejaa protini hii. Ukitafuta BCR-ABL bila K562 pembeni, huna namna ya kujua kama kosa ni la kingamwili au la kwako. Weka na HL-60, ambazo nazo ni seli za lukemia lakini hazina BCR-ABL. Tukapitisha zote mbili. K562 ikatoa mstari mnene kwenye kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 210, ambao ni BCR-ABL, na chini yake mwingine hafifu karibu na 145, ambao ni ABL ya kawaida. HL-60 ikatoa huo wa chini peke yake. Kumbe kingamwili ilikuwa nzima muda wote!

Huo mstari wa chini uliwahi kunichanganya, kwa hiyo nieleze. Kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande, jeni ya ABL ikaungana na ya BCR. Ile kromosomu fupi inayobaki waliiona Nowell na Hungerford mjini Philadelphia mwaka 1960, na mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha kuwa ni matokeo ya kubadilishana vipande. Kingamwili nyingi za kazi hii hushika upande wa ABL, ndiyo maana zinaona protini zote mbili, ya ugonjwa na ya kawaida. Basi ukubwa ndio unaokuambia ipi ni ipi. Na kabla hujalipa, soma inashika sehemu gani: ikiwa inashika mwanzo kabisa wa ABL, hutaiona BCR-ABL, kwa sababu kipande hicho hakimo kwenye muungano.

Sasa sampuli za wagonjwa. Mama akauliza tena, "Hizi seli ulizipasua na nini?" Nikamjibu kwa kujiamini: bafa, yaani kimiminika cha maabara, yenye sabuni laini, kwenye barafu, nusu saa, na dawa ya kuzuia vimeng'enya nimeweka. Akacheka. Tatizo ni kwamba damu ya mgonjwa wa CML imejaa seli nyeupe zilizokomaa, na hizo zina vifuko vya vimeng'enya vinavyokatakata protini. Ukizifungua polepole, vifuko navyo vinafunguka, na BCR-ABL inaliwa kabla hujafika kwenye jeli. K562 hazijakomaa hivyo, ndiyo maana hazikunipa shida. Aktini yangu, protini ya kawaida tunayoipima kama ulinganisho, ilikuwa inatoka vizuri kila mara, na hiyo ndiyo iliyonidanganya nikaamini sampuli ni salama.

Dawa yake ni kuziua seli kwa kishindo. Osha haraka, mwaga maji yote, kisha mimina juu yake bafa ya SDS, sabuni kali, ambayo tayari inachemka, nyuzi 95, dakika tano hadi kumi. Usiipe nafasi ya kupumua. DNA itaifanya ivutike kama mlenda, pipeti itakataa. Ipitishe kwenye sindano ya insulini mara kadhaa hadi ilainike. Ubaya ni kwamba kipimo cha kawaida cha protini hakifanyi kazi vizuri ndani ya bafa hiyo, kwa hiyo hesabu seli mapema na weka idadi sawa kwenye kila kijishimo cha jeli.

Protini ya 210 ni nzito. Tumia jeli ya asilimia 6 au 7.5, na uihamishe kwenye utando usiku kucha kwenye baridi. Zile mashine za kuhamisha kwa dakika saba mimi siziamini kwa kazi hii.

Kichupa chenyewe kigawe siku ya kwanza, mikrolita 10 kila kimrija. Kama kina gliserini nusu kwa nusu, kiweke nyuzi 20 chini ya sifuri, hakitaganda, na umeme ukikatika kwa muda wa saa mbili huna haja ya kukimbia na kasha la barafu.

Na tafadhali, hii ni kazi ya utafiti. Ndugu wa mgonjwa akikuuliza umeona nini, mrudishe kwa daktari. CML huthibitishwa kwa PCR, kipimo cha vinasaba, na kipimo cha kromosomu.

Muuzaji nilimwandikia tena kuomba radhi. Akajibu kwa kuniuliza kama nahitaji kichupa kingine.