Majibu kwa Wasomaji: Majonzi yanayochezwa

SWALI: Mhariri, salamu. Napiga kinanda harusini hapa Ujiji, Kigoma. Mteja ameomba pop ya Iran. Kuna noti inanikataa, na mdundo wa 6/8 unanigeukia kuwa 3/4. Halafu nimeambiwa maneno ya nyimbo hizo ni ya majonzi. Mbona watu wanazicheza?

JIBU: Noti hiyo iko katikati ya vitufe viwili. Wairani huiita koron, yaani noti iliyoshushwa takriban robo toni. Katika Shur, mpangilio mmoja wa noti wa Kiirani, inayoanzia D, ni E: D, E iliyoshushwa, F, G, A, B-flati, C. Kama kinanda chako kinaruhusu kurekebisha noti mojamoja, shusha E kwa senti 50 (nusu ya umbali wa vitufe viwili jirani), kisha linganisha na rekodi na usogeze kidogo, kwani koron haina kipimo kimoja. Mkono wa kushoto ushike D na A tu. Ukiiingiza E hiyo kwenye C, E, G, zitagombana. Wimbo ukiisha irudishe, la sivyo utaharibu unaofuata.

Kinanda kisicho na nafasi hiyo, chagua nyimbo zenye ladha ya Esfahan, mpangilio mwingine wa noti: A, B, C, D, E, F, G-shapu. Vitufe vyote hivyo unavyo, na pop ya Iran inaipenda sana njia hii.

Mdundo: 6/8 na 3/4 zote zina vipigo sita vidogo. Tofauti ni mkazo. Ukikazia 1, 3 na 5, umeshapotea. Kazia 1 na 4, besi iangukie hapo.

Kuhusu majonzi: baada ya mapinduzi ya 1979 pop ilipigwa marufuku Iran. Waimbaji wengi walihamia Los Angeles, wakaimbia harusi na sherehe za Nowruz (mwaka mpya wa Kiirani) za wenzao waliokuwa uhamishoni. Mwimbaji maarufu Googoosh alibaki Iran, akanyamaza hadi 2000. Kwa waliohama, miguu ilihitaji kucheza na moyo ulihitaji kulilia nyumbani, wimbo ukabeba vyote. Mpenzi wa taarab, aliyezoea fidla ilie huku watu wanatunza, atalielewa hili haraka.

Kilio chenyewe kiko kwenye tahrir, pale sauti inapovunjikavunjika kooni. Watu wengi hukosea hapa kwa kujaza vinanda. Mwimbaji akiingia tahrir, bakiza besi na ngoma, na kasi isipungue.