Ukurasa Unafunguka, Video Inagoma: Kupanga Ruhusa za Video za Kazini

Ofisi nyingi za mkoani Tabora zenye watumishi waliotawanyika wilayani zinafanya mafunzo yao kwa video, na sababu haihitaji maelezo marefu, kwa kuwa kumwita mtu wa Kaliua au Igunga aje mjini kwa somo la nusu saa ni kumlipa nauli na posho na kumpotezea siku ya kazi. Video hupakiwa kwenye hifadhi ya wingu, ikapachikwa kwenye ukurasa wa ndani wa ofisi, kisha kiungo cha ukurasa kikatumwa kwenye kundi la WhatsApp. Nimekuwa nikisimamia kazi ya namna hiyo katika shirika linalofundisha ufugaji wa nyuki na ufungashaji wa asali, na naweza kusema kwamba kurekodi na kuhariri hakunisumbui kama linavyonisumbua swali la nani anaruhusiwa kutazama nini.

Malalamiko huja kwa sura moja. "Shikamoo kaka. Ukurasa umefunguka vizuri ila video imegoma, inasema niombe ruhusa." Ujumbe huo uliandikwa na afisa nyuki aliyeko Sikonge, akaambatanisha na picha ya skrini ya simu yake: maelezo ya kupima unyevu wa asali yanasomeka yote, na pale ambapo video ingepaswa kucheza pana kisanduku cha kijivu chenye kitufe cha kuomba ruhusa. Mtandao wake haukuwa na tatizo, wala simu yake.

Jambo ambalo watengenezaji wa kurasa hulisahau ni kwamba ukurasa na video ni vitu viwili, kila kimoja kikiwa na orodha yake ya wanaoruhusiwa. Ukipachika video iliyoko Google Drive (hifadhi ya wingu ya Google) kwenye ukurasa wa Google Sites (zana yao ya kutengeneza tovuti), kumruhusu mtu kuona ukurasa hakumpi ruhusa ya kuona faili la video. Mambo ni hayo hayo kwa wanaotumia SharePoint ya Microsoft, mfumo wa kuhifadhi na kushirikiana faili za ofisi, ambako video hufuata ruhusa za faili lenyewe popote litakapopachikwa. Aliyeandaa ukurasa haoni tatizo kwa sababu faili ni lake; ndiyo maana nashauri ukurasa ujaribiwe kwa akaunti ya mtumishi wa kawaida, kwenye simu, kabla kiungo hakijatumwa kwa watu.

Njia ya mkato inayowavutia wengi ni kulifungua faili kwa mtu yeyote mwenye kiungo. Kwa baadhi ya video sioni ubaya: somo la kuvaa mavazi ya kinga au kusafisha mashine ya kukamua asali halina siri, na kulifungia ni kujitafutia simu zisizo na maana. Lakini ikiwa ndani ya video mfugaji anaonekana sura na kutaja alicholipwa, au mhasibu anaeleza taratibu za malipo huku majina ya watu yakionekana kwenye kompyuta, kiungo kitahama kutoka kundi hadi kundi na hakuna atakayeweza kukifuatilia. Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za mtu anayetambulika hazikosi ulinzi wake kwa sababu tu zimo kwenye video badala ya karatasi.

Kwa video za aina hii ya pili, utaratibu ulionifaa ni kuacha kabisa kugawa ruhusa kwa faili moja moja. Tengeneza folda kwa kila aina ya watazamaji, tengeneza kundi la barua pepe la watazamaji hao, kisha lipe kundi ruhusa ya kutazama folda nzima. Kila video itakayowekwa humo itarithi ruhusa za folda, na mtumishi mpya anapoajiriwa Urambo unamwongeza kwenye kundi mara moja, naye anaona kila kitu kinachomhusu. Akihama, unamwondoa mahali pamoja tu. Kundi lipewe ruhusa ya kutazama pekee, kwa kuwa mwenye ruhusa ya kuhariri anaweza kuwakaribisha wengine kwenye faili, isipokuwa mwenye faili awe amezuia jambo hilo kwenye mipangilio.

Hapo linabaki tatizo la akaunti, ambalo kwa uzoefu wangu ndilo lenye usumbufu kuliko yote. Kundi limesajiliwa kwa barua pepe za ofisi, ilhali mtu ameingia kwenye simu kwa Gmail yake binafsi, au ana akaunti mbili na kivinjari kinatumia ile isiyo kwenye kundi. Kabla ya kubadilisha ruhusa yoyote, muulize anayelalamika ameingia kwa akaunti gani. Pia vivinjari vinavyozuia vidakuzi vya tovuti nyingine (faili ndogo zinazokumbuka kwamba umeingia kwenye akaunti), Safari ikiwa mojawapo, huweza kukwamisha video iliyopachikwa hata kama ruhusa ziko sawa. Kwa sababu hiyo, chini ya kila video naweka kiungo cha kawaida kinachoifungua moja kwa moja kwenye Drive, na kiungo hicho kimepunguza simu ninazopigiwa kuliko mwongozo wowote niliowahi kuandika.

Video ikirekebishwa, usifute ya zamani na kupakia nyingine, kwa sababu faili jipya lina anwani mpya na kisanduku kilichoko kwenye ukurasa kitabaki kikielekea kwenye faili lisilokuwepo. Drive ina sehemu ya kudhibiti matoleo: pakia toleo jipya ndani ya faili lile lile, na anwani pamoja na ruhusa zitabaki zilivyokuwa. Toleo la awali hufutika baada ya siku 30 usipochagua lihifadhiwe.

Kuhusu kuzuia watu wasipakue, natumia kizuizi hicho kwa uchache sana. Afisa wa kijijini mara nyingi hupata mtandao wa maana anapofika mjini Nzega au Tabora, akapakua somo ili alitazame baadaye bila kumaliza bando. Ukimzuia, umemnyima somo lenyewe. Na mwenye nia ya kuiba video ya siri hatashindwa kuirekodi skrini kwa simu nyingine.

Mwisho ni umiliki. Video iliyopakiwa kwa akaunti ya mtumishi mmoja inaweza kupotea akaunti hiyo ikifutwa baada ya yeye kuacha kazi, kwa hiyo ofisi yenye Google Workspace (huduma ya Google kwa ofisi) ihifadhi video zake kwenye hifadhi ya pamoja, ambako faili ni mali ya ofisi. Wanaorekodi vikao kwa Teams, programu ya mikutano ya Microsoft, waangalie na tarehe ya ukomo, kwani kwa mpangilio wa kawaida rekodi mpya huondolewa baada ya siku 120, na kikao cha Januari kinaweza kutoweka kwenye ukurasa kabla ya msimu wa kurina asali haujaanza.