Thamostati si kifaa cha nchi za baridi

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Premio ya 2004, injini ya 1NZ-FE, gia otomatiki. Naishi Morogoro, na gari hili ndilo linalonipeleka kazini kila siku. Oili, plagi, filta na breki padi nabadilisha mwenyewe nyumbani. Kila nikienda Iringa lilikuwa linachemsha nikipanda mlima wa Kitonga. Fundi wa mtaani akatoa thamostati (kile kilango kinachofunguka na kufunga njia ya maji kufuatana na joto la injini), akasema hicho ni kifaa cha nchi za baridi, huku kwetu kinazuia maji tu. Sasa mjini sindano ya joto haifiki katikati, na ulaji wa mafuta umepanda: lilikuwa linakwenda kilomita 13 kwa lita, sasa 11. Kitonga bado linachemsha. Maji naongeza karibu nusu lita kila wiki. Ananishauri tufunge feni dairekti, izunguke muda wote. Nikubali?

JIBU: Usikubali, na thamostati irudishe. Lakini kwenye swali lako kuna jambo umelitaja kwa kupita tu, nalo ndilo ugonjwa wenyewe: nusu lita ya maji kila wiki. Mfumo wa kupoza injini umefungwa, maji yake hayaliwi kama mafuta. Yakipungua, kuna mahali yanatokea. Fundi wako alipaswa kuuliza yanatokea wapi kabla hajashika spana. Nitalirudia hilo, ila kwanza nimalize la thamostati, maana magari yanayofika gereji kwangu yakiwa hayana hicho kifaa ni mengi kupita kiasi, na karibu kila mwenye gari ameambiwa maneno yale yale uliyoambiwa wewe.

Thamostati ya 1NZ huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 80 hadi 84. Yakifika 95 inatakiwa iwe imeachia nafasi ya milimita 8.5 au zaidi. Chini ya nyuzi 80 inayazuia maji yasiende kwenye rejeta ili injini ipate joto lake la kazi. Kuanzia 95, ikiwa nzima, haizuii kitu. Hali ya hewa ya nje haihusiki: hata siku ambayo Morogoro ina nyuzi 35, bado uko mbali sana na 80. Magari yanayouzwa Oman na Dubai, ambako kiangazi joto hupita nyuzi 45, yanatoka kiwandani na thamostati zake ndani. Ingekuwa kifaa cha theluji, watu wa huko wangekuwa wa kwanza kukiacha.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoitoa ama hawalijui ama hawalisemi. Ukiishika mkononi thamostati ya injini hii utaona ina sahani mbili. Ile kubwa inafungua njia ya kutoka kwenye rejeta. Ile ndogo, iliyo upande wa springi, inaziba njia ya mkato kadiri kubwa inavyofunguka. Njia hiyo ya mkato ndiyo inayozungusha maji ndani ya injini wakati bado ya baridi. Ukitoa kifaa chote, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuonana na rejeta. Barabara ya tambarare hulioni tatizo, kwa sababu upepo ni mwingi na mzigo ni mdogo, hivyo sindano inalala chini. Ukifika Kitonga uko nyuma ya lori, gia ya chini, upepo hakuna, injini inasukuma kwa nguvu zote, tena gia otomatiki nayo inapozwa na rejeta hiyo hiyo. Hapo unahitaji maji yote yapite kwenye rejeta, na hayapiti yote. Ndiyo maana gari lako mjini ni la baridi na mlimani linachemsha. Fundi amekuachia ugonjwa wa zamani na kukuongezea mwingine.

Ulaji wa mafuta nao unaelezeka. Kompyuta ya gari inasoma joto la maji kuamua imwage petroli kiasi gani, na ikiona injini haijapata moto inaongeza. Gia ya mwisho pia inacheleweshwa mpaka maji yapate joto, kwa hiyo injini inazunguka haraka kuliko inavyohitajika. Petroli ya ziada inashuka kwenye kuta za silinda, inaosha oili na kuingia ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Fungua mfuniko wa oili uangalie upande wake wa chini. Ukikuta utando mzito wa rangi ya maziwa na oili kwenye kijiti iko safi, huo mara nyingi ni unyevu wa injini isiyopata moto. Nasema hivi mapema kwa sababu fundi wa aina hiyo akiuona utando huo atakwambia silinda hedi, ile sehemu ya juu ya injini, imekufa, na wewe utauza kitu ulipie.

Feni dairekti sasa. Feni ya gari lako inawashwa na kompyuta kupitia rilei, kulingana na joto la maji na kama AC imewashwa. Ukiifunga dairekti itazunguka muda wote, hata asubuhi ya baridi, mota itachakaa mapema, na siku ikifa hutajua. Kama feni haiwaki, tafuta sababu: fyuzi, rilei, soketi iliyoungua, sensa ya joto, au mota yenyewe. Kupima ni rahisi. Washa injini, washa AC, feni zinatakiwa zizunguke. Zikizunguka kwa nguvu, feni si tatizo lako, na huo waya wa dairekti hautatibu chochote.

Turudi kwenye nusu lita yako. Gari likiwa limepoa kabisa, chukua tochi. Anza na tanki la juu la rejeta, lile la plastiki. Likizeeka linageuka kahawia na kupata ufa mwembamba karibu na shingo ya mpira, au linavuja kwenye maungio yake na bati. Kisha angalia wota pampu. Chini ya shafti yake kuna kitundu kidogo, na sili ikichoka maji hutoka hapo tone kwa tone, yanakaukia kwenye injini ya moto na kuacha ukoko mweupe, au wa waridi kama kulikuwa na kulanti (maji maalumu ya kupozea injini). Ukoko huo wengi wanaufuta wakidhani ni vumbi, kumbe ndio alama unayoitafuta. Pitia mipira yote, pamoja na ile miwili midogo ya hita inayoingia kwenye ukuta wa kabini, na uguse zulia la upande wa abiria kama lina unyevu.

Angalia pia mfuniko wa rejeta. Umeandikwa namba juu yake, kwa Toyota nyingi 0.9 au 1.1, ambayo ni kiasi cha presha unachokishikilia. Presha hiyo ndiyo inayozuia maji yasichemke. Iringa iko juu, karibu mita 1,600, na maji ya wazi huko yanachemka kwenye nyuzi kama 95. Mfuniko mzima unayapeleka zaidi ya 115. Mfuniko ambao raba yake imekauka unayaachia yachemke mapema na kumwagikia nje kupitia kopo la akiba. Basi unapanda mlima maji yakipungua njiani, na hakuna anayeushuku mfuniko kwa kuwa ni kitu kidogo.

Halafu mulika kati ya kondensa ya AC, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake, na rejeta yenyewe. Kwa gari la miaka 20 linalotembea barabara ya Iringa utakuta vumbi, wadudu na nyasi vimeshonana kama zulia. Maji ya bomba yenye presha ndogo, ukimwagia kutoka upande wa injini kuelekea mbele, yatatoa sehemu kubwa. Usitumie mashine ya kuoshea magari kwa karibu, inalaza mapezi, yale mabati membamba ya rejeta.

Ukishaziba uvujaji, funga thamostati mpya. Kabla ya kuifunga ijaribu kwenye sufuria: ining'inize kwa uzi isiguse chini, chemsha maji taratibu, uone ikifunguka. Kwako Morogoro maji yakichemka iwe imefunguka wazi. Kwenye 1NZ alternator inakaa njiani, kwa hiyo toa kwanza waya wa hasi wa betri. Thamostati ina pete yake ya raba, na hiyo inatosha. Usipake gundi ya gasketi, mabaki yake yanaishia kwenye rejeta. Kile kipini kidogo kinachochezacheza pembeni kikae juu, maana hapo ndipo hewa inapopitia. Nati zake ni ndogo, kaza kwa kiasi.

Kujaza kunahitaji subira. Mfuniko ukiwa wazi na hita imewekwa kwenye moto, jaza polepole huku ukiminya mipira, washa injini iungurume, endelea kuongeza. Mpira wa chini utabaki wa baridi kwa muda, kisha utapata moto ghafla. Hapo thamostati imefunguka. Subiri feni iwake na kuzima, zima injini, acha ipoe, ongeza tena. Hewa iliyobaki ndani inachemsha gari jipya, sembuse la 2004.

Kuhusu cha kujaza, naomba uniamini: si maji ya kisima. Bloku na hedi ya 1NZ ni aluminiamu. Maji ya visima vingi yana chumvi na chokaa. Chumvi inaila aluminiamu, chokaa inaganda ndani ya mirija ya rejeta, na baada ya miaka kadhaa robo ya rejeta haipitishi kitu. Wapo wanaosema maji yanapoza vizuri kuliko kulanti. Kwa ubebaji wa joto ni kweli, lakini kulanti tunaiweka ili kuzuia kutu, kulinda sili ya wota pampu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Nunua iliyoandikwa aina na mchanganyiko wake, na kama ni nzito changanya nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Rangi peke yake haithibitishi kitu, yapo madukani maji yaliyotiwa rangi tu. Ile ya zamani usiimwage uani. Ni sumu, ina utamu, na watoto, mbwa na kuku huinywa.

Kama baada ya haya yote maji bado yanapungua na huoni yanapotokea, au ukiwasha injini mfuniko ukiwa wazi mapovu yanaendelea kupanda bila kwisha, peleka gari likapimwe kama gesi ya moshi inaingia kwenye maji. Hapo ni gasketi ya silinda hedi. Hedi ikifunguliwa, ipimwe kwa rula ya chuma kabla ya kufungwa. Kupinda kunakokubalika hakuzidi milimita 0.05, na jicho halioni hivyo. Fundi anayebadilisha gasketi bila kupima hedi atakufungulia injini mara mbili.

Sasa nawaambia wote wenye magari ya umri huu, si wewe peke yako. Imekuwa kawaida kwamba gari likisumbua, dawa ni kutoa kitu. Thamostati inatolewa. Feni inafungwa dairekti. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, balbu inachomolewa. Rejeta ikivuja inamwagiwa yai, au dawa ya chupa ya kuziba, ambayo haichagui tundu: inaziba na mirija mizima pamoja na rejeta ndogo ya hita. Kila moja ya tiba hizi inamaliza kelele kwa wiki chache, fundi anashukuriwa, na siku gari linapokufa barabarani yeye hayupo. Anayekuja baadaye anakuta dalili zimefutwa zote na analazimika kuanza upya kwa gharama ya mwenye gari. Ukiona fundi anataka kutoa kifaa, mwulize kifaa hicho kinafanya kazi gani na nani atakayeifanya kazi hiyo kikitoka. Akishindwa kujibu, funga boneti uondoke.

Wenye Vitz na magari mengine yasiyo na sindano ya joto: ile taa ya bluu inayowaka asubuhi inatakiwa izimike dakika chache baada ya kuondoka. Ikikaa muda mrefu, au ikirudi kuwaka ukiwa barabara kuu, huenda thamostati imekwama wazi au mwenye gari aliyetangulia aliitoa. Na sindano, kwa walio nayo, kwenye Toyota nyingi imepangwa itulie katikati ndani ya nafasi pana ya joto. Ikipita katikati hata kidogo, tayari joto ni kubwa. Zima AC, fungua hita yote hata kama jasho litakutoka, tafuta mahali pa kusimama. Ikiwa ilikuwa juu kisha ikashuka ghafla na gari bado halina nguvu, usifurahi: sensa imebaki kwenye mvuke, maji yameisha. Zima injini hapo hapo. Usifungue mfuniko, usimwage maji baridi kwenye injini ya moto. Subiri mpaka uweze kuweka kiganja juu ya mpira wa juu na kukiacha hapo.