Maswali na Majibu: Kagera na Wasimuliaji Wake

Shikamoo mzee. Eti ni kweli Kagera ilikuwa ya Uganda? (Msomaji, Geita)

Marahaba. Hapana. Swali hili nimeshalijibu hadi nimechoka.

Basi Idi Amin, rais wa Uganda wakati ule, alilitoa wapi dai lake? (Msomaji, Dodoma)

Kwenye ramani. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipiga mstari nyuzi 1 kusini mwa ikweta, wala hawakujali mto Kagera unapita wapi. Kipande cha kaskazini ya mto kikabaki upande wa Mjerumani, ndiyo upande wetu leo. Amin akataka mto uwe mpaka, na Novemba 1, 1978 akatangaza kwamba kipande hicho ni cha Uganda. Wakati huo viongozi wa Afrika walishakubaliana Cairo, 1964, kuiheshimu mipaka ya mkoloni, na Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele.

Kwa nini sisi tunasema Vita vya Kagera, Waganda wanasema vita vya ukombozi? (Msomaji, Bukoba)

Afadhali wewe umeuliza. Kila serikali huanzia hadithi pale panapoifaa. Ya kwetu huanza Oktoba 1978, jeshi la Amin lilipotuvamia, ikafuata ile hotuba ya Mwalimu ya kwenda vitani, ya sababu, nia na uwezo. Ukirudi nyuma hadi Septemba 1972, itabidi ueleze wapinzani wa Amin walioingia Uganda wakitokea kwetu, na hapo ndipo Amin alipopenda kuanzia. Simtetei. Nduli ni nduli, na raia waliouawa ng'ambo ya Kyaka, kwenye daraja la mto Kagera, hawakuwa na kosa. Huko Uganda nako, walioshika madaraka baadaye waliwakuza wapiganaji wao, JWTZ, jeshi letu, ikawa kama msindikizaji wa safari ya Kampala. Na wewe wa Bukoba, waulize wakubwa: mkoa wenu ulikuwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la Kagera baada ya ushindi.

Jeshi letu halikumgusa raia, sivyo? (Msomaji, Tanga)

Mutukula ilibomolewa kwa kisasi baada ya kutekwa Januari 1979. Masaka nayo iliharibiwa vibaya. Hayo hayasomwi kwenye gwaride.

Nina picha ya Amin na Mwalimu wakipigana ngumi. Ni ya kweli? (Msomaji, Mwanza)

Hapana. Amin alimwita ulingoni kwa mdomo tu. Ifute.

Babu yangu alikwenda vitani akiwa mgambo. Anayosimulia hayafanani na ya vitabuni. Nimwamini nani? (Msomaji, Muleba)

Mrekodi kwanza, wiki hii, simu unayo. Muulize alikuwa kikosi gani, walipita wapi, walikula nini, nani hakurudi. Asichokiona mwenyewe mwambie akitenge. Na akifika kwenye yale yasiyotajwa Julai 25, Siku ya Mashujaa, usimkatize.