Si kila mungu wa kike mwenye kamba mikononi ni Artemi wa Efeso

Mkuu, umeuliza kama sarafu yako ya kale ya shaba, ya milimita 24, yenye mungu wa kike aliyeviringishwa nguo kama maiti ya Misri na kamba mbili zikining'inia mikononi, kweli ni Artemi wa Efeso kama muuzaji alivyoandika. Kwa picha hiyo bado ni mapema kumpa jina. Miji mingi ya Asia Ndogo (Uturuki ya leo) ilikuwa na sanamu yake ya kale hekaluni, na mchonga muhuri wa kugongea sarafu aliichonga ilivyosimama pale, si yule Artemi mwindaji mwenye upinde na sketi fupi. Wauzaji wakiona kamba tu, wanaandika Efeso.

Anza na maandishi kabla ya picha. Zima taa ya juu, laza tochi ya simu mezani ili mwanga uje kwa ubavu, kisha zungusha sarafu polepole. Herufi zilizolika hujitokeza kwa kivuli chake. Tafuta neno linaloishia na ΩΝ, maana ndilo jina la watu wa mji. ΕΦΕΣΙΩΝ ni Waefeso, ΣΑΜΙΩΝ ni watu wa kisiwa cha Samo, ΜΑΓΝΗΤΩΝ ni wa Magnesia, ΣΑΡΔΙΑΝΩΝ ni wa Sardi. Enzi za Warumi sigma mara nyingi inaandikwa kama C, kwa hiyo usiisome kama K. Na ukikuta ΝΕΩΚΟΡΩΝ, huo si mji: ni cheo cha mtunza hekalu, kile kile anachokitaja karani wa Efeso katika Matendo ya Mitume sura ya 19. Miji kadhaa ilijivunia cheo hicho.

Maandishi yakiwa yamekufa, ndipo uende kwenye mwili. Artemi wa Efeso anakutazama usoni. Kichwani ana kofia ndefu, kifuani safu za vivimbe ambavyo kwenye shaba ndogo ni nukta tu, na kuanzia kiunoni mwili ni mwembamba kama nguzo iliyofungwa mikanda. Viwiko vimekunjwa, na kutoka kila kiganja unashuka utepe wa sufu wenye mafundo, unaoonekana kama mstari wa shanga hadi chini. Miguuni mara nyingi kuna paa wawili. Hao paa ndio ninaowaamini kuliko kamba, kwa sababu Hera, mungu wa kike wa Samo, naye ana kamba zile zile. Ila Hera hana safu za vivimbe kifuani, na tausi akiwa pembeni mjadala umekwisha.

Wa Magnesia, Artemi Leukofriene, anavishwa taji na Nike (mungu wa kike wa ushindi mwenye mabawa) wawili wanaoruka. Kore, mungu wa kike wa Sardi, amefunikwa shela, katikati ya suke la nafaka na ua la mpopi. Afrodite, mungu wa kike wa mji wa Afrodisia, mara nyingi ametazama kulia, mikono mbele, na kuna mwezi mwandamo na nyota. Artemi wa Perge, mji wa jimbo la Pamfilia, hana mikono kabisa: ni kichwa chenye kofia juu ya jiwe la mikanda, ndani ya hekalu la nguzo mbili.

Mtego mkubwa ni sarafu za mapatano kati ya miji miwili, zenye neno ΟΜΟΝΟΙΑ. Hapo Artemi wa Efeso anasimama na Asklepio, mungu wa uponyaji wa Pergamo, na mtu akisoma jina la mji mmoja tu anakosea. Mtego mwingine uko kwenye sarafu kubwa za fedha za Kaisari Hadriano, za gramu 10 hivi, zenye DIANA EPHESIA, yaani Artemi wa Efeso kwa Kilatini. Nyingi ziligongwa juu ya sarafu za zamani, na mabaki ya picha ya chini hujichomoza kama mkono au herufi ya ziada. Usiyahesabu kuwa alama ya mungu.

 

Tafadhali usiisugue kwa limau wala siki. Ngozi ile ya kijani ikitoka, inaondoka na nukta za kifuani, nazo ndizo tunazozihitaji. Ipime uzito kwa mizani ya sonara, kisha weka picha mbili za upande wa nyuma: moja mwanga ukitoka kushoto, nyingine ukitoka juu, na miguu ya sanamu ionekane yote.