Kompyuta ya kazi na gemu: anzia ukutani

Karibu kila mwezi ananijia kijana na simu mkononi, ananionyesha picha ya kompyuta inayowaka taa za rangi zote. "Kaka, nataka kama hii. Kadi ya grafiki nimeshaipata, bado vitu vingine tu." Hivyo vitu vingine tu ndivyo vinavyonilisha. Mimi huunganisha kompyuta jijini Kampala, na wateja wangu wengi ni wabunifu wa Nasser Road, wale wanaotengeneza kadi za harusi, stika na mabango. Mchana ni Photoshop na CorelDRAW, usiku ni mpira na gemu za bunduki, yote kwenye mashine hiyo hiyo.

Kijana wa namna hiyo simuulizi habari za kadi kwanza. Namuuliza anakaa wapi na umeme wake ukoje. Mimi hununua vifaa kuanzia ukutani kuingia ndani, na kadi ya grafiki, ile inayochora picha kwenye kioo, huja karibu na mwisho. Kila nilipokwenda kinyume nililipa mimi.

Ukutani tuna volti 240. Hiyo ni kwenye karatasi. Jioni mtaa mzima ukipika na kupiga pasi, volti hushuka. Umeme ukikatika na kurudi, hurudi kwa kishindo. Na mara nyingine wala haukukatika, ni Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, imeisha saa nne usiku kwa sababu wewe mwenyewe hukununua yuniti. Kwa kompyuta ni yale yale, inazimika ikiwa katikati ya kuandika faili. Kwa hiyo UPS, boksi la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika, iingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Usidanganywe na namba kubwa ya VA iliyoandikwa kwenye boksi: UPS ya VA 650 kwa kawaida hutoa wati 360 hadi 390 hivi, na betri yake ni ya dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima, si ya kumalizia mechi. Printa ya leza usiichomeke humo hata siku moja, maana ikipasha moto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo.

Kutoka ukutani tunaingia kwenye pawasaplai, boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta, na hapa nakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo nilipoungua. Miaka yangu ya mwanzo nilimfungia mteja pawasaplai iliyokuja bure na keisi. Ubavuni imeandikwa wati 500, mimi nikaamini. Jioni moja umeme ulirudi, ukasikika mlio kama wa njugu, ikafuata harufu. Ilipokufa haikufa peke yake; iliondoka na madabodi, ubao mkuu unaobeba kila kitu, na diski yenye kazi ya wiki nzima. Madabodi nililipa. Kazi ya mtu hailipiki.

Nilipoifungua nikasoma stika vizuri, jambo nililopaswa kulifanya dukani. Kwenye ile stika kuna jedwali dogo. Tafuta safu ya volti 12, kwa sababu prosesa, ubongo wa kompyuta, na kadi hula kutoka hapo. Yangu ilisema ampea 18. Zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Hizo 500 zilikuwa za maonyesho. Pawasaplai ya kweli ya wati 550 hutoa karibu zote kwenye volti 12, yaani ampea 45 hivi. Ipime na mkononi pia, nyepesi kama boksi la biskuti irudishe. Nyingine, hasa za zamani, zina swichi ndogo nyekundu nyuma, upande mmoja 115 na mwingine 230. Hapa kwetu ni 230 siku zote. Nimewahi kuletewa moja aliyoigeuza mtoto kwa kuchezea, na nadhani mlio mnaujua.

Sasa hesabu ya ndani. Ryzen 5 5600 ni prosesa ya wati 65, kadi ya RTX 4060 ni wati 115, RTX 3060 ni 170. Ongeza madabodi, feni na diski, bado pawasaplai nzuri ya 550 inatosha na kubaki. Anayekwambia ununue ya 850 kwa mashine hiyo anataka kukuuzia tu.

Kabla hujanunua prosesa mpya utakutana na kishawishi cha mitumba: Dell OptiPlex au HP EliteDesk zilizotumika maofisini ng'ambo, bei nafuu, na muuzaji anapiga kelele "Core i7!" Tazama namba inayofuata. i7-4770 ni kizazi cha nne, ya mwaka 2013; i5-12400 ya mwaka 2022 huiacha mbali sana, ingawa jina lake ni la unyonge. Tena Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi huanzia kizazi cha nane cha Intel au Ryzen za mfululizo wa 2000. Ukitaka mtumba, nunua wa kizazi cha nane kuendelea. Ujue pia kwamba zile keisi nyembamba hazipokei kadi ndefu, pawasaplai yake mara nyingi haifiki wati 300, na plagi zake ni za kampuni yenyewe, kwa hiyo ya dukani haichomeki hivi hivi. Ni mashine nzuri ya kazi. Gemu nzito, hapana.

Kwenye prosesa mpya, soma herufi ya mwisho. Intel yenye F haina grafiki ndani, na Ryzen 5 5600 vilevile haina; 5600G inayo. Mtu anayesema "kadi nitanunua mwezi ujao" akachukua yenye F, mwezi mzima atatazama kioo cheusi. Kwa mfuko mdogo mimi bado napendekeza soketi ya AM4, kitako cha prosesa za Ryzen kwenye madabodi: vifaa vyake vimejaa, vipya na vya mtumba, na inatumia ramu (kumbukumbu ya muda) ya DDR4. AM5, iliyotoka 2022, inakula DDR5 tu; ichukue kama unajua utabadilisha prosesa baadaye. Na ukinunua madabodi ya zamani kama B450 kwa ajili ya Ryzen 5000, mwambie muuzaji asasishe BIOS, programu ya kuwashia madabodi, mbele yako. Bila hivyo feni zinazunguka, kioo kimya, halafu unarudi mjini kugombana na mtu asiye na kosa.

Ramu: vijiti viwili vya GB 8, si kimoja cha 16. Prosesa husoma vyote viwili kwa pamoja, kama barabara ya njia mbili, na kwenye gemu tofauti unaiona kwa macho. Mwenye mabango makubwa aende 32. Diski: SSD, ile isiyozunguka, iwe ya mfumo na kazi za sasa, ile ya kuzunguka ibaki ghala la kazi za wateja wa zamani. SSD nyingi za NVMe, zinazolala juu ya madabodi, zina kasi ya megabaiti 3,000 na zaidi kwa sekunde, zile za waya wa SATA ni kama 550, lakini kwenye gemu hutaona tofauti kubwa. Pesa hiyo iongeze kwenye ukubwa.

Haya, kadi. Mpya ni rahisi, unalipa unaondoka. Za mtumba zina historia. Hadi Septemba 2022 nyingi zilikuwa zikichimba Ethereum, sarafu ya mtandaoni, mchana na usiku. Uchimbaji ulipokoma, zikamwagika sokoni. Sisemi zote ni mbovu. Nimefunga kadhaa baada ya kubadilisha girisi ya joto na feni, zinafanya kazi hadi leo. Ninachokataa ni kununua bila kuijaribu. Omba ichomekwe palepale, endesha kitu kizito nusu saa, tazama joto, tazama kama kioo kinatoa vidoti vya ajabu. Nenda na programu ya GPU-Z, inayosoma kadi ni ipi hasa, kwenye flashi, kwa sababu kuna kadi za kale zilizobadilishwa BIOS zikajiita GTX 1050 Ti, na mara nyingi programu hiyo huziumbua. RX 580 nayo iko ya aina mbili: kamili ina koa (viini vya kukokotoa) 2304, nyingine inaitwa 2048SP. Bei isiwe moja.

Keisi chagua yenye wavu mbele na chujio la vumbi. Kioo cheusi mbele kinapendeza dukani, lakini mtaa wenye barabara ya murramu hujaza vumbi jekundu ndani kwa miezi miwili. Ukipuliza kwa bloa, zuia feni kwa kidole zisizunguke.

Kusafirisha ni sehemu ya kununua. Niliwahi kupeleka mashine iliyokamilika kwa boda mpaka Bweyogerere, kadi nzito ikiwa ndani. Shimo moja tu, kadi ikaning'inia, sloti ya madabodi ikapasuka. Siku hizi kadi naichomoa, naifunga kwenye fulana, naishika mapajani. Keisi nailaza, madabodi ikitazama juu, na afadhali nilipe gari.

Ukifika, ichomeke kadi, funga skrubu, unganisha na waya wake wa umeme. Ukinipigia kwamba kompyuta imewaka lakini gemu inagota kana kwamba kadi haipo, sitakuuliza habari za draiva kwanza. Nitakuomba uende nyuma ya keisi uniambie waya wa monita umeuchomeka wapi: kwenye kadi, au juu kule kwenye madabodi.